Mnyama na Mwana-Kondoo: Vitabu vya Picha Juu ya Siku za Mwisho

Leo nataka tuzungumze juu ya mgeni mmoja anayeingia nyumbani mwetu bila kupiga hodi. Mgeni huyu ni kitabu cha picha, hasa kile kinachosimulia habari za imani na za siku za mwisho. Bila shaka mmekwisha kukiona. Pengine ni kijitabu kidogo cha kuenea kiganjani, ambacho mtu hupewa penye stendi ya basi au mlangoni mwa mkutano wa injili. Pengine ni kitabu kikubwa cha rangi kilichotoka ng'ambo. Ndani yake mna mnyama mwenye vichwa saba, mna moto ukishuka, mna magari yakienda bila dereva kwa sababu dereva amenyakuliwa.

Mama mmoja katika parishi yangu alinieleza kwamba mtoto wake wa miaka tisa alisoma kitabu cha namna hiyo kwa rafiki yake. Tangu siku hiyo, akitoka shule na kukuta mlango umefungwa, hulia kwa hofu. Hafikiri ya kwamba mama amekwenda sokoni. Hufikiri ya kwamba Bwana Yesu amekuja, amemchukua mama, na yeye ameachwa peke yake. Mama huyo akaniuliza, "Mchungaji, nimnyang'anye vitabu hivi au nimwachie? Maana ni vitabu vya dini."

Ndugu zangu, hilo ni swali la haki, wala halijibiwi kwa neno moja. Ili tulijibu vema, yatupasa kujua vitabu hivi vimetoka wapi na vimefanya kazi gani katika Kanisa la Kristo, kwa kuwa havikuanza jana wala juzi. Basi twendeni pamoja katika historia.

Kwanza tukumbuke ya kwamba Ufunuo wa Yohana wenyewe ni kitabu cha picha. Yohana alikuwa amefungwa katika kisiwa cha Patmo, karibu na mwisho wa karne ya kwanza. Wataalamu wengi husema ilikuwa wakati wa Kaisari Domitian, aliyetawala tangu mwaka 81 hata 96. Yohana hakuandika mafundisho kwa hoja, kama Mtume Paulo alivyowaandikia Warumi. Aliandika aliyoyaona: vinara, mihuri, farasi, joka, mnyama, mji ushukao kutoka mbinguni. Aliyapeleka kwa makanisa saba ya Asia, katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Watu wa makanisa hayo walikuwa wadogo mbele ya dola ya Rumi. Wengine walidharauliwa, wengine walikuwa maskini, na Antipa wa Pergamo alikuwa amekwisha kuuawa.

Tena angalieni jambo hili. Wengi wao hawakukisoma kitabu hicho kwa macho yao. Katika Ufunuo 1:3 Yohana anambariki yule asomaye kwa sauti pamoja na wale wanaosikia. Mmoja alisimama akasoma, na wengine waliketi wakasikiliza, kama ninyi mnavyosikiliza redio sasa. Picha zilichorwa moyoni kwa njia ya sikio. Na shabaha yake ilikuwa kuwatia nguvu waliochoka, wasimkane Bwana wao. Kitabu hicho kiliandikwa kwa watu ambao tayari walikuwa na hofu, ili hofu yao ipungue.

Baadaye Kanisa likaanza kuchora kwa rangi na mikono. Yapata mwaka 600 askofu mmoja wa mji wa Marseille katika Ufaransa, jina lake Serenus, alivunja picha zilizokuwa kanisani mwake, kwa kuwa aliona watu wanaziabudu. Gregory Mkuu, askofu wa Rumi, alimwandikia barua. Alimsifu kwa kukataza watu wasiabudu picha, lakini alimkemea kwa kuzivunja. Sababu yake ilikuwa kwamba mtu asiyejua kusoma hujifunza kwa picha yale ambayo msomi huyapata katika maandiko. Neno hilo la Gregory lilidumu kwa muda mrefu sana.

Katika karne ya 15, huko Ujerumani na Uholanzi, mafundi walianza kuchonga ubao mmoja kwa kila ukurasa, picha na maneno pamoja, wakaupaka wino na kuugandamiza juu ya karatasi. Baadhi ya vitabu vya kwanza vilivyotengenezwa hivyo vilihusu Ufunuo. Vingine vililinganisha matukio ya Agano la Kale na maisha ya Bwana Yesu, na ndani yake manabii walishika vitambaa virefu vilivyoandikwa maneno yao. Mtoto wa leo akionyeshwa kurasa hizo atasema mara moja, "Hizi ni katuni!" Naye hatakuwa mbali na ukweli.

Kisha akatokea Albrecht Dürer wa mji wa Nuremberg, aliyezaliwa mwaka 1471. Baba yake wa ubatizo alikuwa Anton Koberger, mpiga chapa mkubwa aliyekuwa ametoa Biblia ya Kijerumani yenye picha mwaka 1483. Mwaka 1498 Dürer, akiwa kijana wa miaka 27, alitoa kwa jina lake mwenyewe kitabu cha Ufunuo chenye picha 15 kubwa, katika Kijerumani na katika Kilatini. Picha ilijaza ukurasa mzima, na maneno ya Yohana yakachapwa nyuma yake. Mwaka 1500 ulikuwa karibu, na watu wengi katika Ulaya walikuwa na wasiwasi juu ya mwisho wa dunia. Picha ya wale wapanda farasi wanne, wakienda mbio mmoja ubavuni mwa mwingine na kuwakanyaga wakubwa kwa wadogo, imejulikana duniani kote hata leo.

Nataka mtambue mambo mawili katika kitabu cha Dürer. La kwanza, alipomchora Kaisari Domitian akimtesa Yohana, hakumvika nguo za Kirumi. Alimvika kama Sultani wa Waturuki. Waturuki walikuwa wameuteka mji wa Constantinople mwaka 1453, na watu wa Ulaya waliwaogopa. La pili, mwishoni malaika anamwonyesha Yohana Yerusalemu Mpya, na mji huo umechorwa kama mji wa Kijerumani, wenye minara na mapaa ya Kijerumani. Basi tangu zamani wachoraji wa siku za mwisho wamekuwa na desturi hii: mnyama humchora kwa sura ya adui zao, na mbingu huichora kwa sura ya kwao. Wasikilizaji, likumbukeni neno hili, maana tutalirudia.

Miaka michache baadaye Matengenezo ya Kanisa yakaanza. Sisi Waprotestanti hupenda kudhani ya kwamba baba zetu walitumia Neno tu na kuacha picha. Sivyo ilivyokuwa. Mwaka 1521 katika mji wa Wittenberg kilitolewa kijitabu chenye picha 26 kutoka karakana ya mchoraji Lucas Cranach. Zilipangwa mbili mbili: upande mmoja Kristo akiwaosha wanafunzi miguu, upande wa pili Papa akibusiwa miguu. Hata asiyejua herufi moja alielewa.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Septemba 1522, Martin Luther alitoa Agano Jipya kwa Kijerumani. Katika Agano hilo kitabu kimoja tu kilipewa picha za ukurasa mzima, nacho ni Ufunuo, picha 21. Jambo la ajabu ni kwamba katika dibaji yake ya mwaka huo Luther mwenyewe alisema hakuona katika Ufunuo alama za kitabu cha mtume wala cha nabii. Mwaka 1530 tu ndipo alipoandika dibaji nyingine iliyokipokea kwa upole zaidi. Maana yake, mfasiri alikuwa na mashaka, lakini picha zilisonga mbele.

Na picha hizo zilileta matata. Mnyama wa Ufunuo pamoja na yule mwanamke wa Babeli walivikwa taji yenye ngazi tatu, ile iliyovaliwa na Papa. Mtawala mmoja, George wa Saxony, alilalamika. Katika chapa ya pili, mwezi wa Desemba mwaka huo huo, taji zile zilichongwa zikawa taji za kawaida. Lakini Biblia nzima ya Luther ilipotoka mwaka 1534, taji ya ngazi tatu ilirudi. Fikirini, ndugu zangu: ugomvi wa makanisa mawili ulipiganwa kwa kisu cha fundi juu ya kipande cha ubao. Kweli kulikuwa na maovu yaliyohitaji kukemewa. Lakini mtu akizoea kumwona jirani yake amechorwa kama mnyama, kesho hataona dhambi kumtendea kama mnyama. Miaka iliyofuata, Wakristo wa Ulaya walichinjana wakiwa na Biblia mikononi.

Sasa na tuje karibu na kwetu. Mwaka 1844 una mafundisho makubwa, na mara nyingi tunausoma nusu nusu.

Katika jimbo la New York, Marekani, alikuwako mkulima mmoja wa Kibaptisti aliyeitwa William Miller. Alikuwa mtu mnyofu aliyesoma Biblia kwa bidii. Kwa kuhesabu siku za kitabu cha Danieli alisadiki kwamba Bwana atarudi karibu na mwaka 1843. Mwaka 1842 wahubiri wawili waliomfuata, Charles Fitch na Apollos Hale, walitengeneza picha kubwa ya kutundika. Ilikuwa na sanamu ya ndoto ya Nebukadreza, wanyama wa Danieli na wa Ufunuo, na tarakimu zilizojumlishwa kutoka juu hadi chini. Nakala 300 zilichapwa ili wahubiri wazitundike katika hema za mikutano. Mtu aliyesimama mbele ya picha ile aliona historia yote ya dunia ikishuka kama mto na kuishia kwenye mwaka mmoja tu. Ilikuwa vigumu sana kuibishia.

Mwisho wake siku ikatajwa: tarehe 22 Oktoba 1844. Wengine waliacha viazi shambani bila kuvuna. Siku ikafika, jua likatua, usiku ukapita, asubuhi ikawa kama asubuhi nyingine. Watu walilia hata kukapambazuka. Kutoka katika masikitiko hayo wako waliorudi kuyachunguza Maandiko upya, na kanisa la Waadventista Wasabato, lililoundwa mwaka 1863, halitangazi tarehe ya kurudi kwa Bwana. Hilo ni somo walilolinunua kwa bei ghali, nasi tungefanya vema kulipokea bure.

Lakini mwaka huo huo wa 1844, mwezi wa Mei, Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa. Alikuwa Mjerumani aliyetumwa na chama cha CMS cha Kanisa la Anglikana. Mwezi wa Juni alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo katika Kiswahili. Mwezi wa Julai homa ilimuua mkewe Rosine, na siku chache baadaye mtoto wao mchanga wa kike. Aliwazika bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kusema kwamba dunia yake imekwisha, ni Krapf katika mwezi ule wa Julai. Lakini akiisha kupata nafuu aliendelea kuandika maneno ya Kiswahili katika daftari lake. Mwaka 1846 mwenzake Johannes Rebmann alijiunga naye, wakajenga Rabai. Rebmann alikaa hata mwaka 1875, akaondoka akiwa kipofu.

Wasikilizaji wangu, Krapf naye alimngojea Bwana. Alikuwa Mkristo aliyeamini kwamba Kristo atarudi. Lakini watu wa ule mchoro walingoja kwa kuhesabu siku, na Krapf alingoja kwa kuifanya kazi. Oktoba ile, ng'ambo ya bahari watu walikuwa wakitazama mawingu, na huku Mombasa mjane mmoja alikuwa akitafuta neno la Kiswahili. Sisi leo twasoma Biblia katika lugha yetu kwa sababu kulikuwa na watu waliongoja kwa namna hiyo ya pili.

Habari nyingine ya wakati ule yaonyesha nguvu ya picha. Mwezi wa Januari 1854 David Livingstone alikuwa kwa mfalme Shinte wa Walunda. Aliwaonyesha watu picha kwa taa ya kutupia mwanga ukutani. Picha ya kwanza ilikuwa Ibrahimu ameinua kisu juu ya Isaka. Mabibi wa mfalme waliketi kimya wakitazama. Livingstone alipoisogeza picha ili aitoe, kisu kile kilionekana kwenda upande wao. Mara wote wakapiga kelele wakiwaita mama zao, wakakimbia wakiangushana, wala hawakurudi. Livingstone alitaka kuwaeleza juu ya Mungu aliyemwokoa Isaka. Wao walichokiona ni kisu.

Hapo ndipo hatari ya vitabu hivi ilipo. Mchoraji aweza kuwa na nia njema kabisa, na hadithi yake ikaishia penye wokovu. Lakini msomaji akichukuliwa na kisu kabla ya kufika kwa kondoo aliyenaswa kichakani, ataondoka na hofu bila Injili.

Sasa tuangalie vitabu vya siku hizi. Katika karne ya 19 John Nelson Darby, aliyekuwa kwanza kasisi wa Kanisa la Anglikana la Ireland kisha akatoka, alifundisha ya kwamba Kristo atakuja kwanza kwa siri kuwanyakua watu wake, ndipo dhiki ije, ndipo atokee hadharani. Biblia yenye maelezo ya Scofield, iliyotolewa mwaka 1909, iliyapeleka mafundisho hayo mbali sana. Wako ndugu wengi wapendwa wanaoyaamini, na wako wengi wasioyaona hivyo katika Maandiko. Leo sitatatua ugomvi huo. Nataka tu mjue kwamba ile picha ya gari lisilo na dereva inatokana na fundisho moja kati ya mengi, wala si imani ya Kanisa lote tangu mwanzo.

Mwaka 1964 Jack Chick wa California alitoa kijitabu cha picha juu ya mtu aliyekufa akaonyeshwa maisha yake yote mbele ya kiti cha hukumu. Vijitabu vyake vimetafsiriwa katika lugha zaidi ya 100. Chick alifariki mwaka 2016. Wako watu wanaoshuhudia kwamba walianza kumtafuta Mungu kwa kukiokota kijitabu kama hicho, nasi twamshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini tuseme kweli yote. Mwaka 1979 Chick alitoa kitabu cha picha juu ya mtu aliyedai kuwa alikuwa padre wa Kijesuiti aliyetumwa kuyaharibu makanisa ya Kiprotestanti. Mwaka 1981 gazeti la Christianity Today, ambalo ni la Waprotestanti wenyewe, lilitoa habari za uchunguzi ulioonyesha kwamba madai yale hayakuwa ya kweli. Chick aliendelea kuyatangaza. Hapo ile taji ya ngazi tatu ilikuwa imerudi tena juu ya kichwa cha mnyama.

Mwaka 1972 Al Hartley, mchoraji wa katuni aliyejulikana sana huko Marekani, alianza kutoa vitabu vya picha vya Kikristo. Vingi vilikuwa shuhuda za watu halisi, kama vile Corrie ten Boom wa Uholanzi, ambaye jamaa yake iliwaficha Wayahudi wakati wa vita na kufungwa kwa ajili hiyo. Vitabu vya namna hiyo vyaweza kumfunza kijana imani na ushujaa. Lakini katika mfululizo huo huo kilikuwamo kitabu cha siku za mwisho kilichotokana na maandishi ya Hal Lindsey.

Lindsey alikuwa ametoa kitabu chake mashuhuri mwaka 1970. Alidokeza ya kwamba kizazi kilichoona taifa la Israeli likizaliwa mwaka 1948 kingeona mambo yote yakitimia, naye alihesabu kizazi kuwa kama miaka 40. Tena alifundisha ya kwamba pembe kumi za mnyama ni umoja wa mataifa ya Ulaya. Mwaka 1981 Ugiriki ilipoingia katika Jumuiya ya Ulaya, mataifa yakawa kumi kamili, na wengi wakasema, "Tazama!" Mwaka 1986 Hispania na Ureno zikaingia, yakawa kumi na mawili. Leo ni 27. Mwaka 1988 nao ulipita kama ulivyopita mwaka 1844. Hata hivyo hamu ya watu haikupungua. Mwaka 1995 Tim LaHaye na Jerry Jenkins walianza riwaya zao juu ya walioachwa nyuma, nazo ziliuzwa zaidi ya nakala milioni 60, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 zikatolewa pia kwa michoro.

Labda mtu atasema, "Mchungaji, haya ni mambo ya Wazungu na vitabu vyao, yatuhusu nini?" Yanatuhusu, tena sana. Mwezi wa Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, polisi walianza kufukua makaburi ya watu walioelezwa kuwa walifunga chakula hata kufa ili wakutane na Yesu kabla ya mwisho wa dunia. Miili zaidi ya 400 ilitolewa, na wengi walikuwa watoto. Mambo ya hukumu tunayaachia mahakama. Wala sisemi ya kwamba kitabu cha picha kiliwaua. Nasema hivi: hofu ya siku za mwisho isiyo na Kristo ndani yake yaweza kumfanya mzazi amnyime mtoto wake chakula, akidhani anampeleka mbinguni. Na msitu ule hauko mbali na kaburi la Rosine Krapf. Katika pwani ile ile tumeona kungoja kwa namna mbili, na matunda ya kila namna.

Basi tutafanya nini? Nawapeni maswali matatu ya kumwuliza kila kitabu cha siku za mwisho, na kila mhubiri pia.

Swali la kwanza: Je, katika kitabu hiki ni nani aliye mkubwa? Soma Ufunuo sura ya 5. Yohana anaambiwa kwamba Simba wa kabila ya Yuda ameshinda. Anageuka kumtazama Simba, na anachokiona ni Mwana-Kondoo aliyekuwa amechinjwa. Katika Kiyunani, Yohana anamwita Kristo Mwana-Kondoo mara 28 katika kitabu hiki. Mnyama anapewa muda wake tu, lakini kiti cha enzi si chake. Kitabu chenye kurasa thelathini za mnyama na ukurasa mmoja wa Mwana-Kondoo kimepotosha vipimo, hata kama kila mstari wake una aya pembeni.

Swali la pili: Je, adui amepewa sura ya nani? Kama mnyama amevikwa nguo za jirani yangu, za kabila nyingine, za kanisa lingine, au za Mwislamu ninayenunua naye samaki, basi mchoraji ameniongezea kitu ambacho Yohana hakuandika. Yohana aliyaandikia makanisa saba, na katika matano kati ya hayo Bwana alikuta jambo la kukemea ndani ya kanisa lenyewe. Hukumu huanzia nyumbani mwa Mungu.

Swali la tatu: Je, nikikifunga kitabu hiki, kinanituma nifanye nini? Kama kinanituma nihesabu miaka, Bwana wetu alisema katika Mathayo 24:36 kwamba siku ile haijulikani ila na Baba peke yake. Kama kinanituma niache kazi, niuze shamba, nimtoe mtoto shuleni, Paulo aliwakemea Wathesalonike kwa jambo hilo hilo. Lakini kama kinanituma nitubu, nimpende jirani, nifanye kazi yangu kwa uaminifu na kushiriki meza ya Bwana mpaka ajapo, kitabu hicho nakipokea, hata kama michoro yake si mizuri.

Kwa hiyo, enyi wazazi, msiwanyang'anye watoto vitabu kwa hasira, maana kitabu kilichonyang'anywa husomwa kwa kujificha. Ketini nao. Fungueni Ufunuo wenyewe, msome kwa sauti kama walivyosoma makanisa yale saba, toka mwanzo hata mwisho, msiishie penye sura ya 13. Mfike sura ya 21, ambako Mungu mwenyewe anafuta machozi. Mtoto akiisha kumjua yeye afutaye machozi, hatamwogopa akija. Nanyi walimu wa shule ya Jumapili, wapeni watoto karatasi na kalamu za rangi, mwaambie wachore Mwana-Kondoo katikati kwanza, ndipo wachore mengine. Nasi wachungaji tusikiachie Ufunuo kwa wauza vijitabu. Tusipokihubiri sisi, wako wengi watakaokihubiri mahali petu.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, Mwana-Kondoo wa Mungu, twakushukuru kwa kuwa mwisho wetu uko mkononi mwako. Watoe hofu watoto wetu. Wafariji waliofiwa kwa ajili ya mafundisho ya upotovu. Utukute tukiwa kazini utakapokuja. Amina.